Kadi ya Sauti ya Nje na Masikio ya Mchezaji

Maduka ya vifaa vya kompyuta ya Kariakoo, kama yalivyo ya Nairobi na Mombasa, yamejaa siku hizi vikasha vidogo vyenye tundu la hedseti upande mmoja na waya wa USB upande wa pili. Vipo vya ukubwa wa kidole gumba, na vipo vinavyokaribia ukubwa wa kitabu cha mfukoni, vyenye kitufe cha kuzungusha kinachowaka taa. Wauzaji huviita kadi za sauti za nje. Wanunuzi wake wakubwa ni vijana wanaocheza michezo ya video kwa kompyuta, nao hutafuta mambo mawili: kuzisikia hatua za adui anayenyemelea, na kusikika barabara na wenzao wa timu. Haja hizo ni halali. Lakini kifaa hicho kikifungwa ovyo, kinaweza kuyafikishia masikio nguvu ya sauti ambayo kompyuta nyingi peke yake zisingeweza kuitoa. Na kikifungwa vizuri, kinaweza kumfanya mchezaji yule yule asikie kila anachokitaka kwa sauti ndogo kuliko awali. Kinachotenganisha matokeo hayo mawili ni kazi ya robo saa.

Ndani ya kompyuta, sauti yoyote ni tarakimu tu. Ili iweze kusikika, tarakimu hizo hugeuzwe kwanza kuwa mkondo wa umeme unaopanda na kushuka, kisha mkondo huo hukuzwa, ndipo utikise kiwambo chembamba kilichomo ndani ya hedseti. Katika kompyuta nyingi kazi hiyo hufanywa na sehemu ndogo iliyobanwa kwenye bodi kuu, jirani na feni na saketi nyingine zenye msukosuko mwingi wa umeme. Hapo ndipo unapotoka ule mvumo wa chini chini, na ule mlio mwembamba unaobadilika kila kipanya kinaposogezwa. Kadi ya nje huihamisha kazi hiyo. Huzipokea tarakimu kupitia USB na kuzigeuza mahali penye utulivu zaidi. Kwa upande wa maikrofoni hufanya kinyume chake, yaani huipokea sauti ya mchezaji na kuifanya tarakimu.

Utulivu huo una maana kitabibu. Mtu anayesikiliza huku kuna kelele huongeza sauti mpaka ile anayoitaka iishinde kelele, na huongeza bila kujijua. Mvumo wa kompyuta ukiondoka, mkono wake hurudisha sauti chini wenyewe. Ni kweli pia kwamba feni ya dari, jenereta ya jirani na bodaboda zinazopita dirishani haziondolewi na kadi yoyote. Kwa hizo hedseti inayofunika sikio lote husaidia zaidi kuliko kifaa chochote cha umeme.

Kabla ya kutoa fedha, lipo jaribio moja lisilo na gharama. Mwenye kompyuta mpakato aichomoe chaja na kuendelea kusikiliza kwa nguvu ya betri. Mvumo ukitoweka papo hapo, kuna uwezekano mkubwa kwamba kosa limo katika umeme wa nyumba, hasa waya wa kuongezea usiounganishwa na ardhi. Fundi umeme anaweza kulimaliza tatizo hilo, na kadi ya sauti isihitajike kabisa.

Nguvu inayozidi haja

Hedseti nyingi za michezo zina ukinzani wa omu 32 au karibu na hapo. Tuchukue hedseti ya namna hiyo ambayo, ikipewa miliwati 1 ya umeme, hutoa sauti ya desibeli 100. Kadi yenye uwezo wa kutoa volti 1 huipelekea hedseti hiyo takriban miliwati 31, na sauti hufika desibeli 115. Kadi ya volti 2, ambayo wauzaji huisifia kwamba ina nguvu, huifikisha desibeli 121. Kiwango cha desibeli hakipandi kama bei ya sukari. Kila desibeli 3 zinazoongezeka huifanya nishati inayoingia sikioni kuwa maradufu.

Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU) wameweka kikomo cha usikilizaji salama kwa vifaa binafsi: desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa watu wazima, na desibeli 75 kwa muda huo huo kwa watoto. Sauti ikipanda hadi 83, saa hizo hupungua kuwa 20. Kwenye 89 zinabaki 5. Kwenye 95 ni saa 1 na robo kwa wiki nzima, muda ambao mchezaji wa kawaida huumaliza Ijumaa jioni kabla ya chakula. Na kwenye 115, kwa hesabu ile ile, posho ya wiki huisha chini ya dakika moja.

Kinachoharibika ni seli vinyweleo zilizomo ndani ya koklea, kile kiungo cha sikio la ndani kilichojisokota kama konokono. Kila sikio huanza maisha na seli zipatazo 15,000 hivi, idadi ndogo mno ikilinganishwa na zile za jicho zinazopokea mwanga, ambazo ni mamilioni. Kuku akiharibikiwa na seli hizo huziotesha upya. Binadamu hakujaaliwa hivyo. Za kwanza kufa kwa kelele huwa kwa kawaida zile zinazopokea sauti nyembamba za karibu mitetemo 4,000 kwa sekunde, na kwa kuwa mazungumzo ya kawaida hutegemea zaidi sauti zilizo chini ya hapo, mgonjwa hukaa muda mrefu bila kugundua hasara yake.

Kwa hiyo mwenye hedseti ya omu 32 hana sababu ya kununua kadi yenye nguvu kubwa. Kadi hizo zilikusudiwa hedifoni za studio zenye omu 250 au 300, ambazo zina uvivu wa kuitikia. Ikiwa kadi ina swichi ya kuchagua ukuzaji mdogo au mkubwa, ikae kwenye mdogo na isiguswe tena. Faida yake si ya usalama peke yake: kwenye ukuzaji mdogo, kitufe cha sauti hupata nafasi pana ya kuzungushwa, na mtu anaweza kuchagua kiwango anachokitaka kwa utaratibu badala ya kuruka kutoka kimya hadi kishindo.

Kuunganisha

Plagi ichunguzwe kwanza. Plagi ndogo yenye mistari mitatu ya plastiki hubeba sauti ya kushoto, ya kulia, waya wa pamoja na maikrofoni; yenye mistari miwili haina maikrofoni ndani yake. Kadi yenye tundu moja la hedseti huipokea ile ya kwanza moja kwa moja. Kadi yenye matundu mawili, moja la kusikilizia na moja la maikrofoni, huhitaji kigawanyio kidogo chenye matawi mawili, ambacho mara nyingi huja ndani ya kasha la hedseti na kutupwa pamoja nalo. Hedseti yenye waya wa USB ni jambo jingine kabisa: ina kadi yake ndani ya waya au ndani ya kikombe cha sikio, na kuiunganisha na kadi ya nje kwa lengo la kupata sauti bora ni kupoteza fedha.

Kadi ichomekwe kwenye tundu la USB la kompyuta yenyewe. Kompyuta nyingi zitaitambua bila kudai programu endeshi. Hedseti ichomekwe baadaye, mpaka plagi iingie yote, na isivaliwe bado kichwani. Sharti hili la mwisho hupuuzwa kuliko yote. Windows huhifadhi kiwango cha sauti cha kila kifaa peke yake. Aliyezoea kusikiliza kwa 30 kupitia tundu la kompyuta anaweza kukuta kadi mpya imeanza na 100. Hedseti ikae mezani, kitufe cha kadi kirudishwe hadi mwisho wa chini, wimbo au mchezo uanzishwe, sauti ipandishwe polepole, na hapo ndipo ivaliwe.

Katika mipangilio ya sauti ya kompyuta, kadi mpya ichaguliwe mara mbili: kama kifaa cha kutolea sauti na kama kifaa cha kuingizia. Wengi huchagua la kwanza na kusahau la pili, kisha maikrofoni iliyomo ndani ya kompyuta ikaendelea kunasa feni na mazungumzo ya jikoni. Programu ya mazungumzo ya timu nayo ina orodha yake ya vifaa, na mara nyingi hubaki imeshikilia kifaa cha zamani. Kiwango cha sampuli 48,000 kwa sekunde kinatosha kwa mchezo wowote. Tarakimu kubwa zaidi zinazoandikwa kwenye kasha haziongezi lolote ambalo sikio la binadamu litalitambua.

Hapo yanabaki mambo mawili ya sauti kubwa: kitelezi cha kompyuta na kitufe cha kadi. Wapenzi wa muziki hufundishana kwamba cha kompyuta kiachwe kwenye 100 na kazi yote ifanywe na kitufe. Kwa usafi wa sauti wana hoja. Kwa kijana wa miaka 14 ushauri huo haufai, kwani unamwachia mkononi nguvu zote za kadi. Mzazi au mwenye kituo cha michezo afanye kinyume: akizungushe kitufe cha kadi hadi mwisho wa juu, ashushe kitelezi cha kompyuta mpaka sauti kubwa kabisa inayopatikana iwe ya kuvumilika, kisha kitelezi kikae hapo. Kitufe kitabaki huru kupunguza, hakitaweza kuzidisha.

Ule ushauri maarufu wa kutozidisha asilimia 60 ya sauti ulitokana na simu na vifaa vya muziki. Kwa kadi ya nje hauna maana sana, maana asilimia 60 ya kadi yenye nguvu inaweza kuishinda asilimia 100 ya simu. Kipimo cha kuaminika zaidi kisicho na gharama ni sauti ya mtu. Mazungumzo ya kawaida yanayosikika umbali wa mita moja huwa karibu desibeli 60. Chumba kikiwa kimya, sauti za wenzake wa timu ndani ya hedseti zilingane na sauti ya ndugu aliyeketi kando yake akizungumza kwa utulivu. Kiwango hicho kiwekewe alama kwenye kitufe, hata kwa kalamu ya wino au doa la rangi ya kucha.

Hatua na mlipuko

Michezo ya kupigana kwa bunduki ina mtego wake. Hatua za adui ni sauti ndogo sana, na milipuko ni mikubwa sana, na vyote hupita katika kitufe kimoja. Mchezaji anayetaka kuzisikia hatua hupandisha kila kitu, na bomu la kwanza humkuta na sauti ile ile aliyoiweka kwa ajili ya kunyata. Mapitio ya tafiti 14 kutoka nchi 9, yaliyohusisha watu zaidi ya 50,000 na kuchapishwa mwaka 2024, yalikuta vishindo vya ghafla wakati wa mchezo vikifika hadi desibeli 119, na wastani wa desibeli 80 hadi 89 katika vituo vya michezo. Kwa mtoto, kikomo kinachokubalika kwa vishindo vya namna hiyo ni desibeli 100.

Dawa yake ipo ndani ya mipangilio, na wachezaji wachache huitumia. Michezo mingi ina chaguo la kupunguza tofauti kati ya sauti ndogo na kubwa, aghalabu likiitwa hali ya usiku. Kadi kadhaa zina kitufe cha kazi hiyo, na Windows nayo ina chaguo la kusawazisha ukubwa wa sauti kwa vifaa vingi. Likiwashwa, hatua hupanda na milipuko hushuka, na mchezaji hushusha sauti ya jumla bila kupoteza ushindi. Kinachotumiwa zaidi ni kile kibaya: kuongeza kwa nguvu sauti za mitetemo kati ya 2,000 na 4,000 ili hatua zichomoze. Hilo ndilo eneo ambalo sikio lina wepesi mkubwa wa kupokea, na ndilo linaloumia mapema. Anayelipandisha eneo hilo hana budi kuishusha sauti ya jumla kwa kiasi kile kile.

Kuna tabia nyingine ya Windows inayostahili kujulikana. Kompyuta inapohisi kwamba mazungumzo yameanza, huweza kupunguza sauti nyingine zote kwa asilimia 80, na ndivyo ilivyokuja kutoka kiwandani. Mchezaji huona mchezo umefifia, huzungusha kitufe juu, na mazungumzo yanapokatika mchezo hurejea wote kwa mkupuo ukiwa juu ya kiwango kipya. Katika kichupo cha mawasiliano cha mipangilio ya sauti, chaguo la kutofanya lolote huondoa mshtuko huo.

Maikrofoni nayo iangaliwe. Mchezaji aliyezibwa masikio hajisikii, na asiyejisikia hupaza sauti. Baada ya saa tatu koo huwa limekauka na sauti imekwaruza. Kadi zenye uwezo wa kumrudishia mchezaji sauti yake mwenyewe ndani ya hedseti, kwa kiasi kidogo, humfanya azungumze kama binadamu wa kawaida. Maikrofoni ikae pembeni ya mdomo, umbali wa vidole viwili au vitatu, isiwe mbele ya pumzi.

Anayefika kliniki

Mgonjwa wa aina hii anaanza kuzoeleka kwa madaktari wa masikio. Ni kijana wa miaka 19 au 20, huletwa na mama yake, naye mama ndiye anayeeleza: haitikii akiitwa, runinga anaitaka kwa sauti kubwa, na usiku halali kwa sababu ya mlio usiokoma. Kijana mwenyewe husema anasikia ila haelewi watu wanaposema wengi kwa pamoja. Alidhani mlio unatoka kwenye hedseti. Aliibadilisha hedseti, kisha akanunua kadi ya sauti ili sauti isafishike, na kwa kuwa mlio ulikuwa ndani yake mwenyewe, akaufunika kwa kuongeza sauti. Kadi ilimpa nafasi ya kuongeza zaidi.

Mtoa huduma wa zahanati au kituo cha afya anaweza kufanya mengi kabla ya rufaa. Aulize saa za kucheza kwa wiki, aina ya hedseti, kama kuna kadi au kikuza sauti, na kama mlio huja baada ya kucheza na kupotea kufikia asubuhi. Mlio wa muda, au masikio kuwa kama yameziba baada ya mchezo, ni dalili kwamba seli zimezidiwa, hata kama usikivu umerejea. Atazame ndani ya sikio: nta iliyoziba na maambukizi ya njia ya nje ya sikio hayapungui kwa watu wanaovaa vikombe vya hedseti kwa saa nyingi katika joto la pwani, na hayo hutibika. Penye uma wa sauti wa mitetemo 512, ukiwekwa katikati ya paji la uso, mwenye nta au tatizo la sikio la kati atausikia zaidi upande mbovu, na mwenye madhara ya koklea atausikia zaidi upande mzima.

Upande mmoja ukiwa dhaifu, hedseti igeuzwe, kikombe cha kulia kikae sikio la kushoto. Udhaifu ukihama pamoja na hedseti, kosa ni la waya, plagi isiyoingia yote, au mizani ya sauti ndani ya kompyuta. Ukibaki kwenye sikio lile lile, kosa ni la sikio. Jaribio hili huchukua nusu dakika, na wachezaji wengi wanaoongeza sauti ili kuufidia upande mmoja wangeokoa ule mwingine kwa kulifanya mapema.

Aliyepoteza usikivu wa sikio moja ghafla, ndani ya siku tatu au pungufu, asipewe matone na kuambiwa arudi baada ya wiki mbili. Hiyo ni dharura. Matibabu ya dawa za jamii ya steroidi huwa na matumaini zaidi yakianza katika siku za mwanzo, na mgonjwa anapaswa kupelekwa penye daktari bingwa wa masikio, pua na koo siku hiyo hiyo au kesho yake. Kizunguzungu kikali kinachoambatana na upotevu huo huongeza haraka.

Kwa wengine wote, karatasi ya rufaa iombe kipimo cha usikivu kinachofikia mitetemo 3,000, 4,000, 6,000 na 8,000, kwa sababu kipimo kinachoishia chini ya hapo kinaweza kutoka safi wakati bonde la 4,000 limekwisha kuchimbika. Mgonjwa akae mbali na hedseti na kelele nyingine kwa saa 16 kabla ya kupimwa, ili uchovu wa muda usichanganywe na madhara ya kudumu. Na aje na hedseti yake pamoja na kadi, kitufe kikiwa pale pale anapochezea. Simu yenye programu ya kupimia sauti, maikrofoni yake ikiwekwa katikati ya kikombe cha hedseti kilichobanwa kwa kiganja, haitoi kipimo cha maabara, lakini mchezo ukiendelea hutoa tarakimu ambayo kijana na mama yake wanaweza kuisoma wenyewe, na kuilinganisha na 80.